Spika nyuma ya pazia

*Kwa zaidi ya nusu karne wahakiki wa vyombo vya muziki wamegawanyika. Wapo wanaosikiliza huku wakijua chapa na bei, na wapo wanaotaka kila kitu kifichwe kwanza. Gharama ya ubishi huo inamwangukia mnunuzi.*

Na Mwandishi Wetu

JULAI 2022, mwenye duka la santuri mjini Phoenix, jimbo la Arizona nchini Marekani, alirekodi video na kuwaambia wateja wake habari ambayo wengi hawakutaka kuiamini. Alisema amedokezwa kwamba Mobile Fidelity, kampuni ya California yenye heshima kubwa katika biashara ya santuri za kifahari, haikuwa ikizikata santuri zake moja kwa moja kutoka kwenye tepu za asili za studio. Katikati ya safari, sauti ilipitishwa kwenye faili za dijitali.

Siku chache baadaye mafundi wa kampuni hiyo walikaa mbele ya kamera yake wakakiri. Hatua hiyo ya dijitali ilianza kutumika mwaka 2011.

Kwa wanunuzi wa santuri hizo, hilo lilikuwa pigo. Wengi wao walikuwa wamekimbia dijitali kwa makusudi. Baadhi walilipa dola 100 na zaidi kwa santuri moja kwa sababu waliamini kwamba tepu na sindano zina uhai ambao kompyuta haiwezi kuubeba. Kesi za madai zilifunguliwa, na kampuni ikaishia kwenye suluhu ya fidia ya hadi dola milioni 25.

Kilichozua shaka kilikuwa hesabu. Kampuni ilikuwa imetangaza toleo jipya la albamu ya Thriller ya Michael Jackson, nakala 40,000, kwa njia ya utengenezaji inayolazimu kazi ya kukata irudiwe mara nyingi sana. Watu wakajiuliza: ni mwenye mali gani atakayeruhusu tepu ya asili ya albamu kama ile izungushwe kwenye mashine mara zote hizo?

Hakuna sikio lililoshtuka. Kwa miaka 11 santuri hizo zilisifiwa, zikawekwa kwenye orodha za bora, zikatumiwa hata kuwaonyesha wageni jinsi analogi inavyoishinda dijitali.

Mtu makini atasema, na atakuwa na haki, kwamba lile halikuwa jaribio. Hakuna aliyewaketisha watu na kuwauliza hii ni ipi. Santuri zenyewe zilikuwa nzuri kweli. Kosa lilikuwa la maelezo. Lakini ile miaka 11 imeacha swali ambalo wahakiki wa vyombo vya muziki wamelikwepa tangu zamani: wanaposema wanasikia, wanasikia kwa kitu gani hasa?

Mtindo ulikotoka

Katika miaka ya 1950 na 1960, majarida makubwa ya Marekani yalipima vyombo kwa mashine. Julian Hirsch wa Stereo Review ndiye aliyejulikana zaidi kwa kazi hiyo. Aliifunga amplifaya kwenye vipimo, akaandika nguvu yake kwa wati na kiwango chake cha mkwaruzo, kisha msomaji akaamua.

J. Gordon Holt aliyekuwa akiandikia jarida la High Fidelity hakuridhika. Aliona majarida yanawaogopa watangazaji, na takwimu hazielezi kile mtu anachokisikia akiwa ameketi sebuleni kwake. Mwaka 1962 akaanzisha Stereophile. Harry Pearson alimfuata mwaka 1973 kwa The Absolute Sound, na kigezo chake kikawa sauti ya ala halisi zikipigwa ukumbini bila vipaza sauti.

Watu hawa walikuwa na jambo la maana. Amplifaya za kwanza za transista zilipata alama nzuri kwenye vipimo vya wakati ule, kwa sababu vipimo vilichukuliwa zikiwa zimefunguliwa kwa nguvu nyingi. Kasoro yake ilijitokeza sauti ikiwa ndogo, pale transista mbili zinapopokezana wimbi. Masikio yalilalamika kabla mafundi hawajajua wapime nini.

Holt na Pearson waliwafundisha watu kusikiliza, na wakawapa maneno ya kueleza walichosikia: upana wa jukwaa la sauti, kina chake, mwimbaji anasimama wapi, besi inashika au inalegea. Huo ni mchango wa kweli, na haupaswi kubezwa.

Tatizo ni utaratibu uliokuja na mtindo huo. Mhakiki hukopeshwa chombo na mtengenezaji. Hukifungua mwenyewe, huona uzito na mng'aro wake, hujua bei yake na sifa za aliyekibuni. Hukisikiliza kwake kwa wiki kadhaa, kisha huandika. Jarida linalochapisha maoni yake huishi kwa matangazo ya wenye viwanda wale wale. Haihitaji mtu awe mwongo ili hukumu ipinde katika mazingira hayo.

Jicho huingilia sikio

Mwaka 1976, Harry McGurk na John MacDonald wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walichapisha jaribio dogo ambalo limerudiwa mara nyingi tangu wakati huo. Mtu huonyeshwa video ya midomo ikitamka "ga" huku sauti iliyopachikwa ikisema "ba". Wengi husikia "da", silabi ambayo haipo kwenye picha wala kwenye sauti. Ukifumba macho, "ba" inarudi. Ukiyafumbua, "da" imekuja tena, hata kama umeshaelezwa mchezo wote.

Hilo ndilo jambo ambalo ubishi huu huwa unalisahau. Mhakiki anayesema amesikia tofauti kubwa kati ya waya wa dola 50 na waya wa dola 5,000 huenda anasema kweli tupu kuhusu kile kilichopita kichwani mwake. Ubongo hauna chumba cha sauti peke yake. Hukusanya yanachoona macho, unachojua na unachotarajia, kisha hutoa kitu kimoja na kukiita sauti. Uaminifu wa mhakiki haumlindi, na uzoefu wa miaka 30 haumlindi pia.

> Ubongo hauna chumba cha sauti peke yake. Hukusanya yanachoona macho, unachojua na unachotarajia, kisha hutoa kitu kimoja na kukiita sauti.

Dawa yake imejulikana muda mrefu: ficha. Jaribio la kificho lililo maarufu zaidi katika muziki huitwa ABX. Msikilizaji hupewa chombo A na chombo B, ambavyo anavijua, halafu X, ambacho ni kimoja kati ya hivyo viwili kilichochaguliwa kwa bahati nasibu. Kazi yake ni moja: aseme X ni A au ni B. Anayesimamia naye hajui jibu, ili asilivujishe kwa uso au kwa sauti. Mwaka 1982 David Clark, mhandisi wa Marekani, alieleza katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti kifaa maalumu cha kuendesha zoezi hilo.

Mtu hurudia mara 16, kwa mfano. Uwezekano wa kupatia 12 au zaidi kwa kubahatisha tu ni chini ya mara 4 katika 100. Akipatia 8, hana tofauti na anayerusha shilingi.

Sharti kubwa kuliko yote ni kusawazisha ukubwa wa sauti, na kwa kipimo cha umeme, maana sikio peke yake halitoshi. Wafanyao kazi hiyo kwa makini hutaka tofauti isizidi sehemu moja au mbili za kumi za desibeli. Sababu ni kwamba sauti iliyozidi kidogo tu haisikiki kuwa kubwa. Inasikika kuwa nzuri. Watu husema ni safi zaidi, ina kina zaidi, ina uhai zaidi. Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu hupoteza besi pale sauti inapokuwa ndogo. Ukiongeza kidogo tu, besi inarudi, na chombo kinaonekana kimepanda daraja.

Pazia la Northridge

Aliyelifikisha suala hili mbali kuliko wote ni Floyd Toole, mtafiti aliyeingia Baraza la Taifa la Utafiti la Canada, Ottawa, katikati ya miaka ya 1960. Alifanya jambo ambalo viwanda havikuwa na subira nalo: aliziweka spika nyuma ya pazia linalopitisha sauti, akaita wasikilizaji wa kila aina, akakusanya alama zao kwa miaka, kisha akazilinganisha na vipimo.

Alichokipata kiliwashangaza waliokuwa wakisema kila sikio na ladha yake. Macho yakiondolewa, watu hukubaliana sana. Walizipenda spika ambazo hazipendelei sauti nene wala nyembamba, na zinazotawanya sauti ile ile mbele na pembeni. Matokeo yake makuu yalichapishwa mwaka 1986.

Mwaka 1991 Toole alihamia Harman, kampuni mama ya JBL, chapa ambayo leo iko mikononi mwa vijana wengi kuanzia Mombasa hadi Bujumbura. Akiwa na mwenzake Sean Olive, aliendesha jaribio ambalo kila mhakiki anapaswa kulisoma. Waliwasilisha matokeo mwaka 1994.

Wasikilizaji 40, wote wafanyakazi wa kampuni, walipewa spika nne. Tatu zilikuwa kubwa na za gharama. Ya nne ilikuwa seti ndogo ya plastiki, ya bei nafuu. Walizisikiliza kwa kificho, na pia wakiwa wanaziona.

Walipoziona, ile ndogo iliporomoka na zile kubwa zenye sura nzuri zikapanda. Hilo huenda ungelitarajia. Kinachonisumbua zaidi ni la pili. Spika ikihamishwa mahali chumbani, sauti yake hubadilika kweli, na waliokuwa kwenye kificho waliyasikia mabadiliko hayo na kuyaandika. Walipozitazama spika, hisia hiyo ilififia sana. Tofauti iliyokuwepo hewani, inayopimika, walikuwa karibu wameacha kuisikia, kwa sababu macho yalikwishatoa hukumu. Wenye uzoefu hawakusalimika.

Kwa hiyo kuona hakuleti tu tofauti zisizokuwepo. Kunafuta zilizopo. Mhakiki anayekataa pazia kwa hofu ya kupoteza mambo madogo madogo huenda anayapoteza kwa sababu amelikataa.

> Kuona hakuleti tu tofauti zisizokuwepo. Kunafuta zilizopo.

Harman baadaye ilijenga chumba huko Northridge, California, chenye mtambo unaoondoa spika moja na kuleta nyingine mahali pale pale kwa sekunde kama tatu, nyuma ya pazia. Mwaka 2003 Olive alichapisha matokeo ya wasikilizaji 268, wakiwemo wauzaji, wanafunzi, wahakiki wa majarida na wasikilizaji waliofundishwa na kampuni. Makundi yote yalizipanga spika kwa mfuatano ule ule. Waliofundishwa walikuwa thabiti kuliko wote katika alama zao, wakiwapita wahakiki.

Amplifaya sita, imani mbili

Spika hutofautiana, na kila mtu anakubali. Vita vikali viko kwenye amplifaya, waya na faili.

Januari 1987 Stereo Review ilichapisha jaribio la kificho la amplifaya sita. Ya bei ya chini ilikuwa ya dola 200 na kitu. Ya juu ilikuwa ya valvu, dola 12,000. Wasikilizaji 25 walishiriki, baadhi wakiwa na imani kwamba amplifaya hutofautiana, wengine wakiwa na shaka. Jumla ya majibu yao haikuzidi kubahatisha. Waumini hawakuwapita wenye shaka.

Miaka 20 baadaye, Brad Meyer na David Moran walichapisha zoezi la Boston. Walichukua rekodi za dijitali zenye ubora wa juu kuliko CD, wakazipitisha au kutozipitisha kwenye kifaa kinachozishusha hadi kiwango cha CD. Kati ya majibu 554, yaliyopatia yalikuwa 276. Hiyo ni asilimia 49.8.

Takwimu hizo zilizipa silaha kambi ya vipimo, na baadhi yao wamezitumia vibaya. Wamesema amplifaya zote ni sawa, na aliyenunua ya ghali ni mjinga. Jaribio lile halikusema hivyo. Lilisema wasikilizaji wale, kwa vyombo vile na muziki ule, hawakutambua.

Upande wa pili una hoja

John Atkinson, Mwingereza aliyeongoza Stereophile tangu 1986 hadi 2019, ana kisa anachokirudia. Mwaka 1978 alishiriki jaribio la kificho la amplifaya, za valvu na za transista, ambapo jopo halikuweza kuzitofautisha. Kwa kuwa aliamini sayansi, alinunua ya transista, Quad 405. Kadiri miezi ilivyopita alijikuta hafurahii muziki. Alipoiondoa na kuweka ya valvu, raha ikarudi. Hoja yake ni kwamba dakika chache za majaribio haziwezi kukamata kile kinachojitokeza mtu akiishi na chombo.

Hoja hiyo inastahili jibu. David Clark alilitafuta, na mwaka 1991 alieleza alichofanya. Wasikilizaji walipewa visanduku vya kwenda navyo nyumbani, vingine vikiongeza mkwaruzo wa asilimia 2.5, kiwango kikubwa, vingine bila kuongeza chochote. Walikaa navyo kwa wiki, wakisikiliza watakavyo, lakini hawakuweza kuvitambua. Kundi jingine lililotumia ABX liliutambua mkwaruzo ule ule kwa muda usiofika saa moja. Kumbukumbu ya sauti ni fupi. Ukibadilisha haraka, sikio hushika. Ukisubiri wiki, limekwishasahau.

Lakini kuna kisa ambacho kambi ya kificho haiwezi kukiruka, nami sitakiruka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Redio ya Sweden ilipima mifumo ya kupunguza ukubwa wa sauti ya dijitali, ya jamii ile iliyotuletea MP3. Ilitumia wataalamu 60 na kukusanya hukumu zaidi ya 20,000, zote kwa kificho kamili, ikaridhika. Rekodi za majaribio zikapelekwa kwa Bart Locanthi, mhandisi mkongwe aliyewahi kufanya kazi JBL. Aliketi kwake, akasikiliza bila utaratibu wowote rasmi, akasema kuna mlio wa takriban kilohezi 1.5 ambao haupaswi kuwepo. Alipowaeleza watu wa Sweden, nao wakausikia.

Masikio 60 yalipita juu yake, sikio moja likaukamata. Jaribio zuri linaweza kukosa kitu kwa sababu hakuna aliyejua cha kutafuta. Mhakiki mwenye sikio kali anayesikiliza kwa muda mrefu anaweza kukigundua.

Ila tazama kilichofuata. Locanthi hakutoa sifa za jumla zisizoshikika. Alitaja mlio, akataja mahali pake, na wengine wakaweza kuuhakiki. Dai lake lilikaguliwa likapita. Wahakiki wanaomtaja kama mtetezi wao wachukue na wajibu wake pia.

Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 kuhusu rekodi za ubora wa juu, zenye majaribio zaidi ya 12,500. Aligundua kwamba watu kwa jumla wanapatia asilimia 52.3. Ni kidogo sana, lakini kwa wingi ule haiwezi kuwa bahati tu. Waliofunzwa kusikiliza walifika karibu asilimia 60. Basi wale wa Boston walikuwa na sehemu tu ya picha: tofauti ipo, ni ndogo mno, na inahitaji mafunzo. Kilichoithibitisha ni majaribio ya kificho yaliyofanywa kwa wingi na kwa subira.

Kificho chenyewe kinaweza kudanganywa. Kati ya 1915 na 1925 kampuni ya Thomas Edison ilizungusha waimbaji katika kumbi za Marekani. Mwimbaji alisimama kando ya gramafoni; taa zikazimwa; hadhira haikujua ni wakati gani ameacha kuimba na mashine ikaendelea peke yake. Magazeti yakashangilia. Miaka mingi baadaye Anna Case, mmoja wa waimbaji hao, alieleza kwamba alikuwa akiigeuza sauti yake ifanane na ya mashine. Giza lilikuwepo, lakini udhibiti haukuwepo.

Fidla za milioni

Asiyejali waya na amplifaya atazame fidla. Mwaka 2010, wakati wa mashindano ya kimataifa ya fidla mjini Indianapolis, mtafiti Claudia Fritz na mtengenezaji fidla Joseph Curtin waliwaita wapiga fidla 21. Waliwavisha miwani ya giza, wakawapa fidla sita: tatu mpya na tatu za zamani, zikiwemo mbili za Stradivari. Wengi walichagua mpya. Iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa moja ya Stradivari.

Hao walikuwa wataalamu wa ala yao wenyewe, wakiishika mikononi. Hakuna aliyewaita wajinga baada ya hapo, na wahakiki wa vyombo vya muziki nao wasiogope kuitwa hivyo. Kukosea ukiwa umefunikwa macho hakuondoi heshima ya mtu.

Luthuli na Kariakoo

Msomaji anaweza kusema haya ni mambo ya matajiri wa Marekani. Aende Barabara ya Luthuli, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, asimame mbele ya duka la sabufa.

Atakuta boksi limeandikwa wati 3,000 au zaidi, na pembeni herufi PMPO. Hicho ni kipimo cha kilele cha kufikirika, kisicho na kanuni inayoheshimiwa. Ageuze chombo, asome nyuma. Kikiwa kinatumia adapta ya volti 12 na ampea 2, umeme wote unaoingia ni wati 24. Hakiwezi kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayoingia.

Kisha muuzaji atawasha chombo anachotaka kukiuza, kwa sauti kubwa kidogo kuliko cha jirani yake, na wimbo aliouchagua yeye. Besi itapiga kifuani. Mteja ataondoka akiamini amesikiliza, kumbe amesikilizishwa. Kwa mtu aliyekusanya fedha miezi sita, hilo lina uzito zaidi kuliko kwa tajiri wa waya wa dola 5,000.

Siku hizi zimeongezeka video za uhakiki kwa Kiswahili, za spika za Bluetooth na za masikioni. Mhakiki hufungua boksi mbele ya kamera, hutaja bei kwanza, husifu rangi, kisha husema besi ni kali. Ni utaratibu ule ule wa miaka ya 1960, bila hata subira ya Holt. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alilinganisha vipimo vya spika za masikioni 283 na bei zake madukani, asipate uhusiano kati ya bei na ulinganifu wa sauti. Bei inayotajwa mwanzoni mwa video haimwambii msikilizaji chochote kuhusu kinachofuata, lakini inampanga namna ya kusikia.

Deni la mhakiki

Holt mwenyewe, aliyeanzisha mtindo huu wote, alihojiwa mwaka 2007, miaka miwili kabla ya kufariki. Alisema biashara ya vyombo vya kifahari ilipoteza kuaminika katika miaka ya 1980 ilipokataa kujiweka chini ya udhibiti wa kawaida wa uaminifu, kama vile majaribio ya kificho. Alizungumza kwa uchungu kuhusu kitu alichokijenga.

Nakubaliana naye. Wanaotetea usikilizaji wa macho wazi husema: amini masikio yako. Lakini wanaoyaacha masikio yafanye kazi peke yake ni watu wa pazia. Hawakuleta mashine ichukue nafasi ya msikilizaji. Wamemwomba asikilize, asikilize tu.

Inasemwa kwamba mhakiki mmoja nyumbani kwake hawezi kuendesha maabara. Ni kweli, na hakuna anayemdai mtambo wa Northridge. Jarida la Uingereza la Hi-Fi Choice limetumia jopo la kusikiliza kwa kificho katika ulinganishaji wake, kwa watu wachache na chumba kimoja. Inawezekana kwa anayetaka.

Mhakiki na aendelee kuishi na chombo kwa wiki, aandike kwa ufasaha wake wote. Anapodai tofauti kubwa kati ya vitu viwili, hasa inayomgharimu msomaji mshahara wa miezi, adai baada ya kufunikwa. Kama hakufunikwa, aseme wazi kwamba alijua chapa na bei, aseme ni nani aliyempa chombo, na alisawazisha sauti kwa njia gani. Wahariri wa kurasa na vipindi vya teknolojia Afrika Mashariki wanaweza kuliweka hilo kuwa sharti kuanzia toleo lijalo, bila kununua kifaa chochote.

Nawe unayejiandaa kununua, nenda na wimbo unaoujua vizuri, wenye sauti ya mtu na ala chache. Nenda na rafiki. Mwombe muuzaji asawazishe ukubwa wa sauti kati ya spika unazozilinganisha. Simu yenye programu ya kupima desibeli itasaidia kiasi. Zipe spika kisogo, mwache rafiki abadilishe bila kukuambia, rudieni mara kadhaa, na uandike unayoipenda kabla hujauliza bei. Muuzaji akikataa, duka la jirani liko wazi.